Moto wa Jiji la Makapi

Nianze kwa kukiri upumbavu, maana mkishanicheka mtanisikiliza vizuri. Mwezi uliopita niliita kijiji kizima kije kuzima moto uliokuwa ndani ya sufuria yangu ya chai.

Nilikuwa nimeinjika chai ya maziwa, nikatia sukari mapema kama wafanyavyo wavivu, kisha nikatoka nje kuongea na kuku. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ya wiki ni kutoka jikoni hadi kwenye banda, na hata hiyo naifikiria kwanza nikiwa nimekaa. Nilikuwa nimeinama natafuta mayai harufu iliponifikia: sukari inaungua. Huku kwetu Mayoni, mtu aliyezaliwa katikati ya miwa haiulizi harufu hiyo maswali. Miguu yangu ilijua kabla ya kichwa. Nikapiga ukemi, "Moto! Moto! Miwa inaungua!" na kukimbilia shambani na beseni tupu, leso imebaki mlangoni imening'inia kwenye msumari.

Majirani wakatoka na matawi ya mikaratusi, wengine na madebe ya maji. Tukalizunguka shamba zima. Miwa ilisimama pale, kijani, ikitutazama. Aliyegundua ni Mama Wycliffe, jirani wa mpaka mmoja na sisi tangu sijazaliwa. Alifuata pua yake mpaka jikoni kwangu, akarudi ameishika ile sufuria nyeusi kwa pindo la rinda lake, akaiinua juu kama kombe la mpira.

"Moto wenu huu hapa," akawaambia watu.

Kicheko kilichopigwa pale nadhani kilisikika Mumias. Kisha Mama Wycliffe akaongeza, kama mtu anayeongeza chumvi tu kwenye mboga: "Nafula, wewe na marehemu baba yako ni tofauti kabisa. Yeye aliwasha miwa na mkono wake, akarudi kwa nyumba akakaa akakunywa chai. Wewe unapika chai, halafu unakimbilia miwa."

Watu wakacheka zaidi. Mimi nami nikacheka, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka. Halafu maneno yake yakanifikia. Nikawatazama wazee waliokuwepo, wale wa rika la Mama Wycliffe. Hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wanacheka kama watu wanaorudiwa hadithi wanayoijua mpaka mwisho wake.

Mimi sikuwa naijua. Na dada yangu Nekesa, ambaye alichapwa kwa ajili ya moto huo mpaka akashindwa kukaa, naye hakuwa anaijua. Sasa niwaeleze kulikuwa na nini ndani ya miwa ile, mjue nina hasira ya kiasi gani.

Ndani ya miwa ile kulikuwa na jiji.

Katikati ya shamba la baba palikuwa na kichuguu kikubwa ambacho trekta la kulima lilikizunguka kila mara. Kwa hiyo pale palibaki duara lisilo na miwa, upana wake kama sebule ya mtu mwenye pesa. Miwa ilipokua, ililifunga duara lile pande zote, na mtu aliyepita barabarani asingeweza hata kulidhania. Njia ilikuwa moja, mfereji kati ya mistari miwili ya miwa, nawe ulipita ukitambaa. Majani ya muwa hukata kama wembe, kwa hivyo hakuna aliyeingia bila sweta la mikono mirefu. Sweta lilikuwa ndiyo viza. Tulikuwa nalo moja, kwa hiyo aliyetangulia alilirusha nyuma kwa anayefuata.

Nekesa alikuwa darasa la saba, nami nilikuwa darasa la nne. Yeye ndiye aliyelijenga jiji, akalipa jina na sheria. Mimi nilibeba udongo na kutoa maoni ambayo hayakuhitajika.

Liliitwa Jiji la Makapi kwa sababu ya barabara zake. Unajua ukishatafuna muwa na kuumaliza utamu, unatema makapi meupe. Yakikauka juani yanang'aa. Nekesa aliyatandaza kwenye njia zote zilizopanda kichuguu, akayagandamiza kwa kisigino, na barabara zetu zikawa nyeupe na laini kuliko lami yoyote niliyowahi kuiona hapa kaunti. Ili barabara zisiharibike, kila mwananchi alitozwa kodi ya meno. Ulitafuna pingili zako ukiwa umekaa pembeni mwa barabara inayohitaji kukarabatiwa, ukatema pale pale. Mwenye pengo la meno ya mbele alisamehewa mpaka yaote. Mimi nilikuwa Waziri wa Barabara, na msidhani ni kwa akili. Nilikuwa na magego.

Chini kabisa, kuzunguka kichuguu, zilikuwa nyumba za wananchi. Ziliumbwa kwa udongo wa mchwa uliokandwa na molasi tuliyoidokoa kwenye pipa la ng'ombe, na kuezekwa kwa majani makavu ya miwa. Wananchi wenyewe walikuwa magunzi ya mahindi, kila gunzi na jina na tabia yake. Alikuwepo mmoja mnene aliyelala kila wakati, na Nekesa aliapa kwamba si mimi. Juu kidogo zilikaa ofisi. Kulikuwa na hospitali ya panzi, ambako wengi walilazwa miguu ikiwa imeng'oka na ambako, nasikitika kusema, daktari alikuwa pia chanzo cha ajali. Kulikuwa na mnara wa saa, ambao mishale yake ilichorwa kwa mkaa kwenye saa kumi, saa ya kutoka shule. Haikusogea kamwe. Katika jiji letu ilikuwa daima mmetoka shule.

Na kileleni palikuwa na Jumba la Jiji. Hilo ndilo Nekesa alilipenda kuliko vitu vyote. Liliweza kumwingiza mtoto mmoja akikunja magoti, na kuta zake zilikuwa na madirisha ya vipande vya chupa, kijani na kahawia, alivyovisugua kwenye jiwe mpaka visikate. Jua la jioni likipita pale, sakafu iligeuka rangi. Ukiingiza mkono ulikuwa mkono wa kijani. Niliwahi kukaa ndani nikijitazama magoti tu, mpaka nikaitwa mara tatu kwenda kuchota maji.

Ndani ya Jumba hilo ilikuwemo Ofisi ya Kusikizwa. Ukishtakiwa kosa, ulikalishwa juu ya jiwe na kuachwa uongee. Hakuna aliyeruhusiwa kukukatiza mpaka useme, "Nimemaliza." Kisha hakimu, ambaye ni Nekesa, alipaswa kuyarudia maneno yako yote, na wewe ndiye uliyeamua kama ameyarudia sawa. Kabla hujasema, "Ndivyo nilivyosema," hapakuwa na hukumu. Mimi nilishtakiwa siku moja kwa kutafuna ukuta wa jiji, yaani kuvunja muwa uliokuwa mpakani, na nikajitetea mpaka njaa ikanishika upya. Nekesa alirudia kila kitu, pamoja na kulia kwangu, na pale nilipopenga kamasi. Nikakubali ndivyo nilivyosema. Akanihukumu kutengeneza barabara ya hospitali, na niliitengeneza kwa moyo mweupe. Sijawahi kusikilizwa vile tena, na nimefika kortini kweli kwa mambo ya mpaka.

Sheria ya kwanza ya jiji ilikuwa hii: moto ni marufuku. Hata kuigiza kupika kwa moto ilikuwa hatia. Nekesa, alipokuwa mdogo, aliona miwa ya watu ikiungua upande wa Matungu, akakaa siku kadhaa akishtuka usingizini. Kwa hiyo jiji lilikuwa na Idara ya Moto: makopo ya maji yaliyopangwa kuzunguka kichuguu chote, na maji yake yalibadilishwa kila tulipoingia. Mtoto aliyeweka makopo yale ndiye waliyesema alichoma shamba.

Miwa ya baba ilikuwa imepita umri wake. Nililisikia hilo kila jioni tukila, bila kuelewa. Kiwanda cha sukari kilikuwa kimeahidi kuja kukata, hakikuja, kikaahidi tena. Muwa ukikaa sana unakauka ndani, uzito unapotea, unabaki kijiti. Majirani wote walikuwa katika hali hiyo hiyo. Walikuja kwetu jioni, wakakaa na baba nje, wakaongea kwa sauti ya chini. Mimi nilifurahi kiwanda kilivyochelewa. Niliomba kwa Mungu, usiku, kisiache kuchelewa.

Kitu ambacho kila mkulima wa huku anakijua, na mimi nilikuja kukijua ukubwani, ni kwamba muwa uliochomwa hausubiri. Ukishaungua, sukari yake inaharibika upesi, kwa hiyo kiwanda kinakuja mbio na matrekta, kitake kisitake. Kinakata bei, lakini kinakuja. Ila kikijua umewasha mwenyewe, umekwisha: wanaweza kukufutia mkataba. Lazima moto uwe na mtu wake, mwingine wa kubebeshwa lawama.

Siku ya moto wingu lilikuwa limetanda tangu asubuhi, lile wingu la huku linalotisha bila kunyesha. Nekesa nami tulikuwa kisimani, wote wawili, na mitungi yetu. Tulisikia kwanza. Miwa ikiungua inapasuka kama bisi kwenye kikaango cha jitu. Nekesa aliuacha mtungi wake ukabingirika na kukimbia, na mimi nyuma yake, na tulipofika moto ulikuwa juu kuliko mikaratusi. Aliita nini? Aliita majina ya magunzi. Aliita jina baada ya jina, na mama alilazimika kumshika kiunoni asiingie.

Majirani walikuwa wamefika tayari. Walikuwa na mapanga mkononi, wamejipanga upande wa barabara. Moto ukavuka mpaka, ukaingia kwa Mama Wycliffe, ukaendelea kwa waliofuata, na hakuna aliyepiga yowe. Niliwaona mashujaa. Nilijiambia, tazama watu wazima wasivyolia. Baba alitoka ndani ya nyumba akifuta mdomo. Jioni majivu marefu meusi, kama manyoya ya kunguru, yalitua juu ya obusuma, ugali wetu, sahanini, na tukala tukiyapeperusha.

Kesho yake akaja bwana wa kiwanda kwa pikipiki, kofia mkononi, viatu vimeng'aa. Akataka kujua nani amewasha. Baba alimwongoza mpaka pale katikati, na sisi tukafuata.

Jiji halikuungua, jamani. Majani ya paa na barabara ndiyo yaliyoungua. Kuta zilikuwa zimeokwa kama matofali, nyekundu, ngumu, zimesimama zote. Jumba la Jiji lilikuwa limesimama. Lilikuwa zuri kuliko jana. Nekesa alilitazama na nikaona uso wake ukianza kufunguka.

Baba aliinama, akang'oa kipande cha chupa kwenye dirisha, akakiinua. "Ni watoto," akamwambia yule bwana. "Huyu mkubwa anachezeanga hapa na hivi vioo. Jua limeshika kwa kioo, majani yakawaka."

Bwana wa kiwanda alikitazama kioo, akamtazama Nekesa, akaitikia kwa kichwa. Hata swali moja hakumuuliza.

Mimi ndiye niliyesema. Nilisema jana hakukuwa na jua. Nilisema tulikuwa kisimani. Baba alinizaba kofi nikaliona hilo jua lenyewe. Kisha akavunja fimbo ya mpera, akamchapa Nekesa mbele ya mgeni, mbele ya majirani, juu ya majivu, mpaka akasema, "Ni mimi." Hakuna aliyemkalisha juu ya jiwe. Hakuna aliyengoja amalize. Na wale watu walisimama pale, Mama Wycliffe akiwemo, na mtoto mgongoni, na wote walijua mikono ya nani ilikuwa imewasha. Kila mmoja wao! Walimtazama mtoto wa miaka ya kucheza kamba akichapwa, wakaangalia chini, wakaguna, "Watoto wa siku hizi."

Matrekta yakaja jioni hiyo hiyo. Wakataji walifanya kazi weusi tititi, meno tu yakionekana. Trekta la kubebea lilihitaji njia ya kugeuzia, na safari hii halikukizunguka kichuguu.

Nekesa akapelekwa Lugari kwa shangazi, kusaidia nyumbani, kwa sababu, walisema, mtoto anayecheza na moto hawezi kukaa katikati ya miwa. Kule ni mahindi, mashamba mapana ya wazungu wa zamani, hakuna cha kujificha ndani yake. Darasa la saba halikuisha. Aliolewa huko huko. Ni mwanamke mpole anayecheka akiwa amefunika mdomo. Nyumba yake ni nzuri, matofali, lakini madirisha yake ni ya mbao tupu. Mumewe alitaka vioo mara nyingi, yeye alikataa. Mchana ukiingia kwake unapapasa viti. Nilimtania miaka yote, nikamwita popo, naye akanijibu popo ni afadhali, hana deni la stima. Sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni ubahili.

Tulipomzika baba, Nekesa alilisogelea jeneza kabla halijafungwa. Akainama. Sisi tuliokuwa karibu tulimsikia vizuri. "Baba," alisema, "unisamehe ile miwa." Mama Wycliffe alikuwa hatua mbili kutoka pale, akishikilia sufuria ya mchele. Wale wazee walikuwa kwenye viti vya plastiki, wakingojea chakula. Walimsikia. Mwanamke mtu mzima, nyanya wa watu, anaomba msamaha kwa maiti ya mtu aliyemsingizia, nao wakakohoa, na mmoja akauliza kama nyama imeiva.

Hiyo ndiyo hasira yangu, na imekuja na miaka yake yote kwa mara moja kama mgeni anayehamia na vitanda.

Jioni ya siku ile ya sufuria nilimpigia Nekesa simu. Nilimweleza yote kwa pumzi moja kwa kuwa nilijua nikipumzika nitaogopa. Nilisikia ng'ombe wake nyuma.

"Kwa hivyo halikuwa jua," akasema.

"Hakukuwa na jua, Nekesa. Nilisema siku ile."

"Ulisema. Lakini nilikuwa nafikirianga labda lilichungulia kidogo tu, wakati hatuangalii." Kisha akaongeza: "Na mimi nikamwomba msamaha. Mbele ya watu wote wale."

Simu ikakatwa. Nimempigia mara nyingi tangu hapo, na hashiki. Mtoto wake ananiambia mama yuko shambani, mama yuko kanisani, mama amelala. Nimempoteza dada yangu mara ya pili, kwa ukweli safari hii, na sijui kama nilimfungulia dirisha au nilimvunjia.

Nikakaa nyumbani, kazi ninayoiweza, nikachemka. Kila nilichokiona utotoni kilijipanga upya. Yale mapanga yaliyokuwa mkononi kabla ya moto kufika. Baba akifuta mdomo. Wale mashujaa wangu wasiolia. Zile jioni za kuongea sauti ya chini hazikuwa za kulalamikia kiwanda. Walikuwa wanapanga, na kioo nadhani kilikuwa kimeshazungumzwa, maana baba hakukitafuta kwenye majivu. Aliinama moja kwa moja. Alilijua jiji letu. Aliwahi kuingia, akatambaa kwenye ule mfereji bila viza, akaona madirisha yale, na alichoona ndani yake ni kisingizio.

Siku ya tatu nikavaa viatu, jambo lililowashtua hata kuku, nikavuka mpaka. Mama Wycliffe alikuwa amekaa kwenye gunia, miguu imenyooshwa, anapukuchua mahindi.

"Karibu Nafula. Leo ni nini imeungua?"

Sikukaa. Nilimwambia yote niliyowaambia ninyi, na kwa sauti ambayo sina kawaida nayo. Nilimuuliza walipataje usingizi. Nilimuuliza kuhusu jeneza, na mchele aliokuwa ameushika. Nilimwambia mtu mmoja angetosha, hata baba akiwa ameshakufa na kiwanda kimeshasahau, mtu mmoja angemshika mkono Nekesa pale na kumnong'oneza, hukuwa wewe. Nilimwambia walimuuza mtoto kwa trekta.

Hakunikatiza hata mara moja. Alipukuchua gunzi lile mpaka likaisha, akalitupa kando, akapangusa mikono kwenye rinda, akanitazama usoni bila haya.

"Nafula," akasema, "mwenye alilia alikuwa mmoja, wenye tulivuna tulikuwa wengi. Na usinipigie kelele hapa kwangu: hiyo miwa ndiyo ilikupeleka sekondari."